Sigiri chumbani, jenereta stoo: umeme ukikatika usiku wa baridi tufanye nini?

Swali:

"Habari mtaalamu. Sisi tuko Kapchorwa, Uganda, huku juu kabisa mlimani Elgon, na mvua ikianza stima inapotea hata siku mbili. Nyumba ni ya matofali na mabati, madirisha ya vioo. Nina watoto watatu, mdogo ana miezi miwili. Usiku baridi ni kali kwa hivyo mama mkwe analeta sigiri chumbani, moshi ukishaisha na makaa yakiwa mekundu, tunaweka sufuria ya maji juu ivute ile hewa mbaya alafu tunafunga dirisha tunalala. Sasa tumeuza kahawa, tuna pesa kidogo. Mume wangu anataka jenereta ndogo, aiweke stoo karibu na jikoni isiibiwe, na fundi wa hapa anasema atatengeneza waya wa kuchomeka kwenye soketi nyumba nzima iwake. Jirani naye anasema afadhali inveta na betri ya gari, itawasha mpaka hita. Tuchukue gani? Lingine, mimi na mama mkwe siku hizi tunaamka kichwa kinauma, mimi nasikia kutapika, tulipima malaria haikuonekana na mimba sina. Ni baridi ama?"

Jibu:

Dada yangu, asante kwa kueleza vizuri hivi. Umeuliza jenereta ama inveta na nitajibu yote, lakini naanza na lile la mwisho uliloliweka kama nyongeza, manake ndilo lililonishtua. Watu wawili wanalala chumba kimoja na sigiri, wanaamka na kichwa na kichefuchefu, malaria hakuna. Kama kichwa chenyewe kinapungua ukishatoka nje ukafanya kazi, ikifika saa sita mchana umesahau, alafu kesho asubuhi kinarudi, basi mimi siwezi kuita hiyo baridi. Sigiri ndiyo ya kwanza kushukiwa. Naomba leo usiku isiingie chumbani, hata kama hujamaliza kusoma hapa. Na kesho mwende hospitali, wewe, mama mkwe na watoto wote waliolala humo, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe "tunalala na sigiri ndani". Usiposema atatafuta malaria na taifodi. Na kile kidude cha kubana kidole cha kupima oksijeni kinaweza kusoma vizuri kabisa wakati mtu hayuko vizuri, kwa sababu hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba hewa ya makaa.

Sasa nieleze inakuwaje, kwa sababu najua kumwambia mama mkwe "acha" bila sababu si jambo rahisi, na yeye anafanya hivyo kwa kuwapenda wajukuu zake.

Makaa yakiungua na hewa haitoshi yanatoa gesi inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiangalia sigiri jioni usiku unapoingia utaona juu ya makaa mekundu kuna mwali mdogo wa bluu unachezacheza. Ule mwali wa bluu ndio gesi yenyewe inaungua. Hewa inaingia chini ya sigiri, inapita katikati ya makaa ya moto, na huko ndani ndiko gesi inatengenezwa, ikifika juu ikikuta joto na hewa ya kutosha inaungua inaisha. Makaa yakianza kufunikwa na majivu ule mwali unazimika, lakini gesi haijaacha kutoka, inatoka sasa bila kuungua, inajaa chumbani. Yaani ule wakati mnaoona sigiri imetulia, haina moshi, ni salama ya kulala nayo, ndio wakati mbaya. Moshi ni wa kuni mbichi na takataka, makaa yalishachomwa moshi wake huko tanurini, kwa hivyo kutokuwa na moshi hakukuambii lolote juu ya gesi hii.

Na ile sufuria ya maji? Haisaidii. Hii gesi karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji, inapita pembeni ya sufuria inaendelea na safari yake. Maji yanafanya hewa isiwe kavu basi, labda na chai asubuhi. Nimesikia pia watu wanaweka kitunguu, wengine chumvi, ni hivyo hivyo tu. Kuacha dirisha wazi kidogo kunapunguza lakini huwezi kukutegemea, usiku upepo unabadilika, mtoto anasikia baridi mtu anaamka anafunga, na wewe uliyelala huna namna ya kujua kiasi kimefika wapi.

Ndani ya mwili inakuwa hivi. Damu yako ni kama taksi ya kwenda Mbale, oksijeni ndio abiria inapaswa kupanda kwenye mapafu na kushuka kwenye ubongo na moyo. Kaboni monoksaidi inapanda kwenye viti vile vile, tena inashika kiti kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na haishuki upesi. Taksi inaonekana imejaa, inazunguka, lakini ubongo haupati abiria wake. Ndio unaanza na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Mtu aliye macho anaweza kusikia hizo dalili akatoka nje. Aliyelala anaweza asiamke, usingizi unazidi tu kuwa mzito. Ukitoka nje kwenye hewa safi inachukua kama saa nne au tano kwa nusu ya ile gesi kutoka kwenye damu, ndiyo maana nikakuuliza habari ya saa sita mchana. Hospitali wakikuwekea oksijeni kwa maski inatoka haraka zaidi. Mtoto mchanga anapumua haraka kuliko mtu mzima kwa hivyo anavuta nyingi kwa muda mfupi, na yeye hawezi kukwambia kichwa kinamuuma, utaona analala sana, ananyonya kidogo, anasumbua. Mwenye mimba naye, gesi inapita mpaka kwa mtoto tumboni.

Kwa mama mkwe ongea naye kwa heshima, kwa sababu hajakosea kila kitu. Nyumba aliyolelewa yeye pengine ilikuwa ya udongo na nyasi, moto uko katikati, moshi na hewa mbaya vinapita juu kwenye nyasi na pembeni mwa ukuta usiku kucha. Nyumba yenu ya matofali na vioo imeziba. Desturi ni ile ile, nyumba ndiyo imebadilika. Mimi ningemwambia hivyo hivyo, na ningemwomba aendelee kusimamia moto, ila ubaki jikoni kule nje, kazi yake iwe kuchemsha maji ya usiku. Nitakuja kwenye hayo maji.

Jirani anasema inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi, itawasha hita. Tupige hesabu. Betri ya volti 12 ya ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi (wati-saa ni wati za kifaa mara saa kinazowaka). Kama ni ya asidi, ile nzito ya risasi, usiitumie chini ya nusu mara kwa mara, kwa hivyo una 600 mkononi. Hita ya kawaida inakula wati 1,500. Gawanya mwenyewe: dakika 24 imekwisha, tena hapo sijatoa kile kinachopotea ndani ya inveta, na inveta ndogo itakataa kuwasha toka mwanzo. Pasi, birika la umeme, hita, jiko la koili, vyote vya kutengeneza joto vinameza umeme vibaya sana, betri ya nyumbani haiviwezi. Kwa hivyo tenganisha mawazo mawili. Mwanga, simu, redio, hivyo tunanunulia betri. Joto la usiku hatulitengenezi, tunalitunza lile lililoko tayari mwilini.

Kulitunza ni hivi. Chumba kimoja walale wote usiku wa baridi kali, kile kidogo. Kama hakuna dari, joto lote linapanda kwenye mabati linaisha, na mabati usiku wa mvua ni baridi kama nini, kwa hivyo pesa ya kwanza ya kahawa mimi ningeiweka kwenye dari, hata ya mikeka au mbao nyepesi, kabla ya jenereta. Zibeni nyufa za mlango na nguo. Lakini sikia vizuri: kuziba nyufa na kuwa na moto ndani haviendi pamoja, ukichagua kuziba basi hata sigiri ndogo, hata jiko la gesi, hata taa ya mafuta haikai humo wakati mmelala. Chini ya godoro weka mkeka au maboksi manake baridi ya sakafu inapanda. Jioni mama mkwe achemshe maji, yawekwe kwenye chupa ngumu ya kufunga vizuri au jerikeni ndogo isiyovuja, ifungwe na shuka nzito, iwekwe kitandani nusu saa kabla ya kulala. Kwa wakubwa inaweza kubaki miguuni. Kwa mtoto mdogo iondoe kabla hujamlaza, ngozi yake inaungua na joto ambalo wewe unalivumilia.

Huyu wa miezi miwili hita yake ni wewe. Kifua kwa kifua, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, soksi, nepi kavu, alafu blanketi inafunika mgongo wake na wewe pamoja. Hii njia ya kubeba mtoto kifuani ilianza kutumika hospitali moja ya Bogotá kule Kolombia mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na leo inafundishwa wodi za wazazi dunia nzima, kwa hivyo si dawa ya maskini, ni tiba kabisa. Fanya hivyo ukiwa macho, umekaa unanyonyesha. Usingizi ukikushika mlaze chali kwenye sehemu yake, nguo za kupandana na kofia, blanketi isifike usoni na asirundikiwe mablanketi matatu. Mguse tumboni au kifuani, kama hapo pana joto basi yuko sawa hata kama vidole ni vya baridi. Tumbo likiwa la baridi, akawa mlegevu au hataki kunyonya, usisubiri asubuhi.

Sasa jenereta. Si mbaya, ina kazi yake, lakini mipango miwili mliyoipanga juu yake yote ni ya hatari na nitaisema wazi.

Stoo karibu na jikoni, hapana. Injini ya petroli inatoa hiyo hiyo kaboni monoksaidi, tena kwa wingi kuliko sigiri, na ukuta wa stoo haujafika mpaka juu kwenye mabati, ndio? Nyumba nyingi haufiki. Gesi inapanda, inapita juu ya ukuta, inashukia vyumbani. Mlango wa stoo ukiwa wazi haisaidii. Jenereta inakaa nje, angalau mita sita toka dirishani na mlangoni, ekzosi ikiangalia mbali na nyumba na mbali na nyumba ya jirani pia. Mnaogopa wezi, naelewa, basi ifungwe na mnyororo kwenye nguzo ya chuma, ijengewe kibanda cha paa tu bila kuta kuzuia mvua. Petroli ya akiba isikae ndani mnakolala, na usiongeze mafuta injini ikiwa moto, izime ipoe kwanza.

Ule waya wa fundi, wenye plagi ya kiume pande zote mbili, unachomeka mmoja kwenye jenereta mwingine kwenye soketi ya ukutani. Mwambie hapana, asante. Kwanza, ukichomoa upande mmoja jenereta ikiwa inawaka, zile pini za shaba unazozishika zina volti 240, na mtoto wako wa pili ana mikono. Pili, umeme hauishii kwenye nyumba yako. Kama mtu hajashusha meinswichi unatoka nje kupitia mita, unafika kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma haijui mbele wala nyuma, kama kawaida inashusha volti 11,000 kuwa 240 basi ikilishwa 240 upande huu inapandisha 11,000 upande ule. Juu ya nguzo yuko kijana wa watu anarekebisha laini kwenye mvua ili ninyi mpate umeme, ameambiwa laini imezimwa. Tatu, umeme wa laini ukirudi ghafla unakutana na wa jenereta na jenereta ndiyo inaungua. Dawa yake ni swichi ya chenji-ova, inafungwa karibu na meinswichi, ina upande wa laini, katikati ya kuzima, na upande wa jenereta, haiwezi kugusa pande mbili kwa pamoja hata ukitaka. Kama pesa ya chenji-ova haipo, tumia ekstensheni nzito toka kwenye jenereta moja kwa moja hadi kwenye taa na friji, nyumba nyingine ibaki kama ilivyo.

Kwa matumizi yenu lakini mimi sioni jenereta ikiwa ya kwanza. Andika mnachohitaji kweli. Balbu nne za LED za wati 7, zikiwaka kwa muda wa saa tano, ni wati-saa 140. Simu tatu, kama 45. Redio ya wati 5 kwa saa sita, 30. TV ndogo ya wati 50 kwa saa tatu, 150, na hiyo ndiyo ya kwanza kukata mvua ikizidi. Jumla 365, ongeza kidogo cha inveta inachokula yenyewe, tuseme 420. Ile betri ya 600 inatosha usiku mmoja na kubaki kidogo. Kwa siku ya pili unahitaji sola ya kuijaza. Huku kwetu karibu na ikweta paneli ya wati 200 siku nzuri inaweza kutoa nguvu ya saa nne hivi za jua kamili, ni 800, ukitoa yanayopotea njiani labda 600. Siku ya mawingu ya Elgon itakuwa chini sana ya hapo, ndio maana nasema 200 na si 100 aliyonayo kila mwenye duka.

Betri ya gari iacheni. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini alafu ijazwe tena hapo hapo, sahani zake ndani ni nyembamba. Ukiishusha kila usiku inachoka ndani ya miezi. Uliza betri ya sola yenyewe, ya diipu-saiko, yaani iliyotengenezwa kushushwa sana na kujazwa tena kila siku. Na kama pesa inafika, betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma unaweza kuishusha hadi asilimia 80 bila kuiumiza, inadumu miaka mingi zaidi, mwanzo inauma mfukoni lakini mimi kwa nyumba yenye watoto naipenda kwa sababu pia haina asidi ya kumwagika. Ile ya asidi ikichajiwa inatoa haidrojeni ambayo cheche moja inailipua, kwa hivyo haikai chumbani wala uvunguni mwa kitanda, inakaa mahali pa hewa, juu ya ubao, watoto wasifike.

Waya toka betri kwenda inveta ndio mahali mafundi wengi wanabania pesa. Inveta ikitoa wati 600 kwenye betri ya volti 12 inavuta ampia 50 na zaidi. Ule waya mwembamba wa balbu utachemka mpaka plastiki inayeyuka, nyumba inaanza kuungua ukutani wakati betri iko nzima. Waya uwe mnene na mfupi, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, si mwisho wa waya. Ukiona kichwa cha betri kina unga mweupe au wa kijani, ama ukigusa plastiki ya waya ni ya moto, zima, muite fundi.

Mishumaa na tadoba, kama hakuna kingine basi mtu mzima awe macho, lakini taa mbili ndogo za sola zinachajika dirishani na zinamaliza hayo mambo. Umeme ukikatika chomoa friji na TV, ukirudi subiri dakika chache kabla hujarudisha, mara nyingi unarudi na nguvu isiyotulia, na fundi akuwekee fridge guard, kile kifaa cha kulinda friji na umeme usiotulia. Friji lisipofunguliwa linashika baridi kama saa nne. Na waya wa laini ukidondoka njiani baada ya mvua, hata kama umeme hakuna kijiji kizima, uchukulie una umeme, watoto wakae mbali, mpige simu UEDCL, ndio wanaosimamia laini tangu Aprili 2025. Watu wananiuliza mbona bwawa la umeme la Karuma la megawati 600 limewashwa na bado giza, jibu ni kwamba bwawa liko sawa, shida ya huko kwenu ni mti ulioangukia nguzo, na hiyo haitaisha mwaka huu, ndio maana inafaa kujiandaa sawasawa mara moja.

Kwa kazi ya chenji-ova na inveta tafuta fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kusimamia umeme Uganda, mwombe akuonyeshe kabla hajafungua boksi. Huyo wa waya wa plagi mbili sisemi ni mtu mbaya, lakini meinswichi yako asiiguse. Na yakitokea kabla ya hayo yote, mtu ameamka amechanganyikiwa, au hamuamki mkimtikisa, au mtoto amelegea, usianze na maji wala maziwa. Fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa kwanza, na wewe usikae mle ndani kutafuta viatu, kama hapumui anza kumpulizia kama unajua, mwite jirani mwenye pikipiki au gari, mwende hospitali ya Kapchorwa usiku huo huo hata kama akishafika nje anaonekana amepata nafuu. Wakisema apelekwe Mbale kwa oksijeni zaidi, nendeni.

Niandikie hospitali walisema nini, na dari imefika wapi.